Wazo la Leo: Rangi ya Mtu Iachwe

Wapo wanaopenda picha kama ilivyotoka kwenye kamera, na wapo wanaotaka rangi zikolee na anga liwake. Sioni sababu ya kugombana. Mmarekani Ansel Adams alipiga picha ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez mwaka 1941, kisha kwa miaka mingi akawa anaisafisha upya katika chumba cha giza, akizidi kulitia anga weusi. Simwiti mwongo, mwezi ulikuwapo, na kijiji kilikuwapo. Lakini Februari 1982, jarida la National Geographic lilizisogeza piramidi za Giza zikaribiane ili zienee kwenye jalada. Hapo si ladha tena.

Linaloniuma zaidi liko kwetu, kwenye picha za harusi. Bibi harusi mweusi wa kupendeza anang'arishwa uso hadi shangazi zake wanauliza ni nani huyu, na mara nyingi hakuulizwa kama anataka. Ndugu mpiga picha, koleza maua, koleza bahari, hata shela ukipenda. Ngozi ya mtu usiiguse kabla hujamuuliza mwenyewe.