Usiku Mmoja, Tarehe Mbili

Wanangu mnaoingiza takwimu za samaki kwenye kompyuta hapa Uvira, SQL inakuja na fanksheni zake tayari: SUM, AVG, na kwenye baadhi ya mifumo DATE na NOW, na nyingine tele. Zitumieni, kujitungia upya kilichokwisha kutungwa ni kujichosha. Ila walioiwekea lugha hiyo viwango Marekani mwaka 1986 hawakuwa wakimfikiria mvuvi wa Kalundu.

Mvuvi wa ndagala huingia ziwani jua likizama, akawasha taa, akavua hadi alfajiri. Kwake huo ni usiku mmoja. DATE hukata saa sita kamili ya usiku: wavu uliovutwa kabla unahesabiwa jana, uliovutwa baadaye unahesabiwa leo, na usiku mmoja mzuri unageuka siku mbili za kawaida. Punguzeni saa 12 kwenye muda ulioandikwa, ndipo muite DATE.

AVG ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa sababu huruka NULL bila kusema neno. Mtumbwi uliorudi mtupu ni 0. Mtumbwi ambao karani hakuupima ni NULL. Nawaona mkiziba kila pengo kwa COALESCE, eti jedwali lipendeze! Chukueni mitumbwi mitatu: mmoja kilo 60, wa pili kilo 30, wa tatu haukupimwa. AVG itatoa 45. Zibeni kwa sifuri, itatoa 30. Hizo kilo 15 kala nani?

Halafu kuna mwezi mpevu. Mbalamwezi huzidhoofisha taa, wengi hulaza mitumbwi ufukweni. Usiku ambao hakuna aliyeingia ziwani hauna hata mstari mmoja kwenye jedwali, na AVG haiwezi kuona mstari ambao haupo. Mkiulizwa safari moja huleta kilo ngapi, hakuna tatizo. Mkiulizwa soko hupata kilo ngapi kwa siku, wastani huo utawapumbaza. Chukueni SUM ya mwezi mzima, mgawanye kwa siku zote za mwezi, za mbalamwezi zikiwemo.

Na NOW? Mara nyingi husoma saa iliyopangwa kwenye seva. Bujumbura tuko nayo sawa, lakini Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja na Kigoma iko mbele kwa saa moja. Hifadhini muda kwa UTC, jina la mwalo liwe na safu yake. Na kabla ya kuunganisha majedwali yetu na ya Kigoma, ulizeni kwanza kila seva ilikuwa ikifuata saa ya wapi.