Kashinda Nini?

Usiku wa Jumatatu, tarehe 11 Februari 2013, banda letu la kutazamia mpira pale Kipevu, Mombasa, lilijaa pomoni kama siku ya fainali. Waliowahi walikaa ndani, mbele ya runinga. Sisi tuliochelewa tulibaki nje kwenye benchi la muuza kahawa, na redio yake ndogo. Wagombea wanane walikuwa wamejipanga nyuma ya mimbari katika shule ya Brookhouse, Nairobi, na Kenya ilikuwa ikifanya mdahalo wa urais kwa mara ya kwanza. Ulipokwisha, wa ndani walitoka wakijinyoosha, na swali likawa lile lile la mpira: nani kashinda? Sisi wa nje tulikuwa na jibu letu. Wa ndani walikuwa na majibu matatu, na kila mmoja alilitoa lake kama shahidi aliyeona kwa macho yake.

Mzee mmoja aliyekuwa amekiinamia kikombe chake akauliza, "Kashinda nini?"

Hatukumjibu. Tulidhani hakuelewa mambo. Miaka imepita, na sasa naona kwamba yeye peke yake ndiye aliyeuliza swali pale.

Mpira una goli. Kesi ina sheria. Hata malumbano ya mashairi, ambayo ndiyo midahalo yetu ya kale hapa pwani, yalikuwa na kanuni. Mshairi Muyaka bin Haji alipowarushia beti mahasimu wa Mvita, enzi watawala wake Mazrui walipokuwa wakizozana na Lamu na Unguja, msikilizaji alijua vina, alijua mizani, na alijua kwamba fumbo likiletwa sharti lifumbuliwe. Aliyekosa jibu alionekana. (Ingawa nashuku kwamba hata yeye alirudi kwao akijigamba.) Mdahalo wa runinga hauna mizani. Kila mtazamaji huja na kipimo chake, kama zamani mtu alivyokwenda dukani na kibaba kutoka nyumbani, kisha tukashangaa kwamba unga haulingani.

Kipimo cha watu wa kwetu si siri. Kipevu hula kwa bandari: kuna wapakuzi, madereva wa matrela, makarani wa klaringi, na akina mama wanaowapikia wote hao. Tarehe 26 Julai 2022, William Ruto alipojibu maswali ya mdahalo wa urais katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, nilikaa na jirani yangu wa klaringi. Kazi yake ilikuwa imekonda tangu reli mpya ianze kubeba mizigo mwaka 2018 na makontena kupelekwa bara yakakaguliwe huko. Mengine yote aliyasikiliza kwa kusinzia. Likitajwa lolote linalonukia makontena, anakaa wima. Katika jambo hilo jirani yangu ni hakimu kamili: anajua ada, anajua foleni, anajua ahadi ipi inawezekana na ipi ni ya jukwaani. Lakini kesho yake hakusema, "Nimemsikia kuhusu bandari." Alitoa hukumu ya mdahalo mzima, afya na deni la taifa na yote aliyoyalalia.

Sina haraka ya kumlaumu. Mnunuzi wa samaki hapasui kila samaki aliyemo kapuni. Huinua shavu la mmoja akatazama wekundu wake. Shida ni kwamba shavu la samaki halijui kuigiza.

Na kwa yale tusiyoyajua, huwa tunatazama nini? Tunatazama uso. Midahalo yetu kwa sehemu kubwa huendeshwa kwa Kiingereza, na ndani ya banda lile hakuna asiyejua maneno mawili matatu, ila hoja ya dakika mbili kuhusu kodi ni mlima mwingine. Hapo mtu husoma mabega. Husoma jasho. Husikiliza kama sauti imetulia au inakimbia, na hugeukia kijana aliyemaliza kidato cha nne amuulize, "Asemaje?" Kijana hutafsiri anachokipenda, na kwa hiyo kura ya nusu ya banda imo mkononi mwake bila yeye kuwa mgombea.

Wanaopenda kisa cha uso kushinda hoja hukimbilia Marekani: mwaka 1960, ati, waliomtazama Kennedy na Nixon kwenye runinga walimpa ushindi Kennedy, na waliosikiliza redio wakampa Nixon. Wataalamu wamekuwa wakitilia shaka utafiti ulioizaa hadithi hiyo, kwa kuwa wasikilizaji wa redio waliohojiwa walikuwa wachache mno. Hata hivyo hadithi haifi. Nadhani haifi kwa sababu inatubembeleza: inatuambia kwamba wanaodanganywa na sura ni wengine. Lakini usiku ule wa 2013 nilikuwa nje kwenye redio, na sikuwa na busara zaidi ya wa ndani. Nilidanganywa na sauti tu.

Matarajio nayo yana hila yake. Mtoto aliyezoea kushika mkia akileta alama 40 hununuliwa soda, na nduguye aliyeleta 78 huulizwa zile 22 kazipeleka wapi. Rigathi Gachagua alipokabiliana na Martha Karua, tarehe 19 Julai 2022, katika mdahalo wa wagombea wenza, wengi kwetu walimsifu kwa kuwa hakuanguka walipodhani ataanguka mbele ya wakili mkongwe. Walichokipima ni umbali kati yake na picha waliyokuwa nayo vichwani.

Kiswahili kina neno linalonisaidia hapa. Kushinda ni kumpiku mwenzio, lakini pia ni kukaa mahali mchana kutwa: umeshindaje, ameshinda shambani. Mdahalo, naona, hushindwa kwa maana ya pili kabla ya ile ya kwanza. Atangazwaye mshindi ni yule aliyeshinda vinywani mwa watu kesho yake. Mwaka 2013 Mohammed Abduba Dida, mwalimu ambaye wengi hawakumjua kabla ya usiku ule, alishinda kutwa nzima vibarazani kwa vichekesho na ukavu wake. Kura zilipohesabiwa alipata 52,848, akamtangulia Karua aliyekuwa waziri, lakini hakuwasogelea wakubwa wawili, Uhuru Kenyatta na Raila Odinga. Raila naye aliacha kauli kwamba haitawezekana kuongoza serikali kwa Skype kutoka The Hague, akimlenga Uhuru aliyekabiliwa na kesi huko. Kauli hiyo iliimbwa kila kona. Upande mmoja uliicheka. Upande wa pili uliisikia kama tusi, ukajikusanya. Maneno yale yale yalimshindia Raila na kumshinda, kutegemea ni baraza gani uliyakuta.

Kipimo kikali zaidi kilikuja baadaye. Tarehe 24 Julai 2017 Uhuru hakutokea kwenye mdahalo, na Raila akasimama peke yake. Mwaka 2022 mambo yakageuka: Raila hakutokea, Ruto akasimama peke yake. Kwenye mpira, timu moja isipofika, refa hupuliza kipenga na pointi zikatolewa, na hakuna anayejisifu kwa ufundi wa kupiga chenga hewa. Lakini mara zote mbili niliwasikia watu wakisema "kashinda", kwa uzito wote, na wengine wakibisha kwa jasho kwamba hakushinda, kapwaya. Hapakuwa na mpinzani wa kushindwa. Ubishi haukupungua hata kidogo.

Hapo ndipo lile swali la mzee lilinirudia. Kama mtu anaweza kushinda bila mwenzake kuwapo, basi shindano haliko mle ukumbini. Liko kwenye benchi, kati yangu na wewe, na mgombea ametupa sababu tu ya kulianza. Hukumu inahitaji watu wawili, lakini si wale wawili wa kwenye mimbari.

Nimejaribu kukumbuka ni dakika gani ya usiku ule wa 2013 niliyoamua. Siioni. Ninachokumbuka ni asubuhi yake, ndani ya matatu ya kwenda mjini, tumekwama kwenye foleni ya matrela. Utingo akanipokea nauli, akaniuliza, "Ami, jana nani?" Nilimtazama usoni kwanza, kisha nikatazama abiria waliogeuza shingo kunisikiliza. Nikataja jina. Tulipofika Makupa nilikuwa nimekwisha kupata na sababu tatu.