Bwana Akibonyeza Solo

Somo: Amosi 5:21-24, Yakobo 5:4



Juzi nilienda kuona kwaya yetu ikirekodi. Si studio kubwa ya mjini. Ni chumba cha kulala cha kijana wetu mmoja wa hapa kanisani. Godoro limeegemezwa ukutani, blanketi mbili zimetundikwa kumeza mwangwi, maiki moja, kompyuta moja. Wanarekodi usiku, maana mchana kuna makanga na jogoo wa jirani.

Ilipofika siku ya kumiksi, kila mtu alitaka apandishwe. Akina dada wa soprano: "Tuongeze!" Mpiga besi: "Mbona sisikiki?" Na mimi pasta wenu, niliyesema maneno machache tu ya maombi pale mwanzo, nikasema, "Ndugu, na hiyo yangu iinue kidogo." Taa ikawa nyekundu, spika zikaanza kukwaruza. Kijana akacheka: "Pasta, huku juu nafasi imeisha. Tukitaka mmoja asikike, wengine lazima washuke." Akashusha zote, akaanza upya. Wimbo ukapumua.

Nikasema moyoni, hapa nimepata mahubiri ya unyenyekevu. Kumbe Bwana hakuwa amemaliza na mimi.

Kuna kitufe kinaitwa solo. Ukikibonyeza, traki moja inabaki na zingine zote zinanyamaza. Hapo unasikia kila kitu: pumzi, kiti kikilia, noti iliyoteleza. Makosa yaliyofichwa na ngoma na kibodi yanabaki uchi.

Alipokuwa anabonyeza solo, stima ikapotea. Nikadhani ni mtaa mzima. La, ni tokeni zimeisha, na hakuwa na pesa za kununua zingine. Pale gizani nikamuuliza, "Si ulilipwa zile nyimbo 3 za Krismasi?" Akanyamaza kidogo. "Hapana, Pasta. Niliambiwa Mungu atanibariki."

Wapendwa, aliyemwambia hivyo ni mimi.

Nabii Amosi anatuambia kwamba Mungu anaweza kuchoka na kelele za nyimbo zetu. Anataka haki itiririke kama mto usiokauka. Na Yakobo anasema jambo la kutisha: ujira wa mfanyakazi ukizuiliwa, huo ujira wenyewe unalia, na kilio kinafika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Umeona? Sisi tunaimba haleluya, mikono juu, lakini mbinguni kuna traki nyingine inasikika. Sisi tuliizima. Yeye ameibonyeza solo.

Mimi nilisomea biashara. Deni nikiliona nalijua. Lakini hili nililibatiza, nikaliita huduma. Ndugu yangu, huduma ni kile mtu anachotoa mwenyewe kwa moyo wake. Ukimtolea wewe bila kumuuliza, hiyo si sadaka yake. Umechukua.

Jumanne tuliketi na mweka hazina. Deni lote limelipwa, na niliomba msamaha mbele ya kwaya nzima. Kijana hakusema mengi. Alisema tu, "Asante, Pasta. Sasa tumalize wimbo."

Sasa wewe. Nani anakudai? Fundi aliyekushonea? Mama mboga aliyekuandika kwenye daftari? Dada anayekulelea watoto, mwezi wa pili huu? Usimtumie mstari wa Biblia. Mtumie pesa yake. Kama huna yote, mpigie simu leo, sema ukweli, mpe sehemu na umpe tarehe. Fanya hivyo kabla ya Jumapili, ndipo uje tuimbe.

Tuombe: Baba, tusamehe kwa sauti tulizozinyamazisha. Tupe ujasiri wa kulipa tunachodaiwa, ili ukibonyeza solo maishani mwetu, usikie haki. Katika jina la Yesu. Amina.