Dada Yake Kaisari

Septimius Severus alizaliwa mwaka wa 145 huko Leptis Magna, mji wa pwani ulio katika Libya ya leo. Lugha ya wengi kule ilikuwa Kipuni, iliyoletwa zamani na Wafoinike. Kilatini kilikuwa cha serikali, na cha yeyote aliyetaka kupanda cheo. Kwao hawakuwa maskini. Walikuwa na mali, na jamaa wawili wa babake walikuwa wamefika cheo cha konsuli. Lakini machoni pa wakubwa wa Roma, mtu wa mkoani ni wa mkoani tu, hata aje na pesa.

Mwaka wa 193 akawa kaisari. Historia Augusta, kitabu cha kale ambacho wanahistoria hukisoma kwa tahadhari, kinasema lafudhi ya Afrika haikumtoka mpaka uzeeni. Kinasema pia dadake alifunga safari kutoka Leptis kuja kumwona, na Kilatini chake kilikuwa cha kubahatisha. Kaisari akaona haya. Akampa mtoto wa dadake heshima ya kuvaa vazi la maseneta, dada mwenyewe akampa zawadi nyingi, kisha akamwamuru arudi kwao.

Nilisoma kisa hiki usiku mmoja kwa simu, na usingizi ukapotea.

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, kabla sijaacha masomo, dadangu mkubwa alikuja kunitembelea hosteli. Alitoka ushago na gunia dogo la viazi vitamu. Kiingereza chake ni cha darasa la nane, na akiongea, l na r hubadilishana viti. Rafiki yangu akaniuliza, "Huyu ni nani?" Nikajibu, "Ni mtu wa kwetu." Si uongo, ama? Yeye alisikia. Nikamsindikiza hadi steji hata chai hajanywa, nikamwekea mia tano mkononi. Pesa zenyewe ni yeye aliyenitumia Jumatatu.

Sasa, kuona haya kwa ajili ya mtu wako ni kosa? Kusema kweli, sidhani. Haya hukuwahi. Uso unachomeka kabla akili haijaamua lolote, na siwezi kumhukumu Severus kwa hilo. Kosa linaanza hatua ya pili, pale unapoanza kutafuta njia ya kumwondoa.

Zawadi ndizo zinazonisumbua zaidi. Mtu atasema, lakini si alimpa vitu vizuri? Alimpa. Mimi pia nilitoa mia tano. Najiuliza tu: dada angekataa kuondoka, zile zawadi zingebaki zake? Kama jibu ni hapana, basi alikuwa analipwa apotee.

Na usidhani Severus aliichukia Leptis. Aliijengea jukwaa jipya, basilika na bandari, marumaru kila mahali. Aliipenda sana, mradi ibaki kule. Marumaru haina lafudhi.

Tena mwaka wa 195 alijitangaza mwana wa Marcus Aurelius, kaisari aliyekuwa amekufa miaka 15 kabla. Mwanahistoria Cassius Dio anasimulia kwamba mtu mmoja aitwaye Auspex alimpongeza kwa kupata baba. Utani huo unauma kwa sababu Severus alikuwa na baba, Geta wa Leptis. Hapo ndipo naona tatizo halikuwa Kilatini cha dada. Alipofungua mdomo, watu walisikia kaisari mwenyewe ametoka wapi, baada ya kazi yote ile ya kujitafutia ukoo mwingine. Mimi pia l na r zangu nilizifanyia mazoezi mbele ya kioo, mwaka wa kwanza mzima.

Severus alikufa York, Uingereza, mwaka wa 211, mbali na Leptis. Mimi nilipoacha chuo, mlango wa kwanza kufunguka ulikuwa wa dadangu. Hakuniuliza kitu. Jirani alipochungulia, akamwambia, "Huyu ni ndugu yangu," kwa sauti, mpaka wa ng'ambo ya barabara akasikia.

Nimefikiria kumnunulia kitu. Lakini nilimkana kwa maneno, na sioni shuka wala sufuria itakavyoyafuta. Ni lazima niseme, kwa wale wale waliosikia, kwamba yule mtu wa kwetu alikuwa dadangu. Namba zao bado ninazo.