Baba Yetu Moja kwa Mwenye Nyumba

Kwenye misiba yetu lazima afike mtu mwenye karatasi. Anasoma wasifu wa marehemu: alizaliwa wapi, alibatizwa na kupata kipaimara lini, alifunga ndoa na nani, ameacha watoto na wajukuu wangapi. Waombolezaji wanaitikia kwa vichwa. Karatasi ile huwa haina mtu mbaya. Jamani, hivi makaburini kwetu wamelala watu wema tu?

Swali langu si la utani. Tukimkumbuka mtu tuliyempenda, tunamtendea haki kwa kusema mema yake tu, au kumpenda kunatudai tuseme na lile lililomsumbua hadi mwisho?

Baba mkubwa wangu alikuwa Mkatoliki wa kweli kweli. Alisali rozari kila jioni na mkewe na watoto saba, kwa sauti, mvua inyeshe isinyeshe. Alilima migomba na kahawa, akasomesha, akawa msuluhishi wa ndoa za wenzake kwenye jumuiya ndogo ndogo. Hakuwahi kumpiga mkewe, na kwa wanaume wa rika lake hilo nalo lilikuwa habari. Kwenye wasifu wake vita vilipata mstari mmoja tu: alishiriki vita vya Kagera akiwa mgambo, kwa uaminifu na ushujaa.

Mstari ule hauna uongo. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaua watu, yakaswaga ng'ombe, yakapora, na Amin akatangaza kwamba ardhi yote hadi mto Kagera ni ya Uganda. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere aliwahutubia Watanzania, na maneno yake matatu, uwezo, sababu na nia, hata waliozaliwa juzi wanayajua. Tarehe hiyo kwa Wakatoliki ni siku ya kuwaombea Marehemu Wote. Baba Mkubwa hakuacha kulitaja hilo. Alisema waliitwa vitani siku ya wafu.

Kilichokosekana kwenye mstari ule ni Masaka. Jeshi letu liliuteka mji huo mwishoni mwa Februari 1979, na sehemu kubwa ya mji ikabomolewa, kisasi cha yale yaliyotendwa Kagera. Si siri. Tony Avirgan na Martha Honey, waandishi wa habari walioifuatilia vita ile kwa karibu, waliyaandika kwenye kitabu chao cha 1982. Ila sisi tunapoisimulia vita ile tunatoka Mutukula na kufika Kampala, Aprili 11, kama vile njiani hapakuwa na nyumba za watu.

Baba Mkubwa aliingia kwenye nyumba moja kabla haijalipuliwa. Wenyewe walikuwa wameshakimbia. Ukutani palikuwa na picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, ileile iliyokuwa sebuleni kwa mama yake. Hapo si pa kushangaa. Wamisionari waliopeleka Ukatoliki Bukoba walitokea Buganda, na Masaka ndiko alikokuwa Joseph Kiwanuka, Mwafrika aliyewekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1939, zaidi ya miaka ishirini kabla Laurean Rugambwa wa kwetu Kagera hajawa kardinali wa kwanza Mwafrika. Watu wa imani moja, sala moja, ndizi zilezile jikoni. Alitoka nje, akasaidia kubeba baruti. Aliyasimulia hayo mara moja tu, kwa maneno machache, kisha akaomba maji ya kunywa.

Tangu aliporudi, kila jioni rozari ikiisha, aliongeza sala: "Na Baba Yetu moja kwa mwenye nyumba." Miaka zaidi ya arobaini. Nyumba nzima iliitikia.

Alipofariki, wakati wa kuandika wasifu, dada yetu mkubwa alitaka jambo hili liandikwe. Kaka yake akakataa katakata. "Mzee alishaungama. Padri alishamwondolea. Nyie ni nani mumrudishie?"

Hoja ya kaka ni nzito, na nimeifikiria sana. Kama Mungu amesamehe, kumbukumbu yetu inatafuta nini? Lakini Kanisa lenyewe halikuishia kwenye kuondolewa. Kuna kujuta, kuna kuungama, na kuna malipizi. Mwizi wa ng'ombe akisamehewa, ng'ombe anabaki kwenye zizi gani? Ondoleo linafuta hatia, halifuti deni. Naona Baba Mkubwa alilielewa hilo kuliko wengi wetu tuliosoma. Sala yake ya jioni haikuwa ya mtu asiyeamini kwamba amesamehewa. Ilikuwa ya mtu aliyesamehewa anayekataa kusahau anadaiwa na nani.

Nitaambiwa sala haijengi ukuta. Ni kweli. Mabasi ya Bukoba kwenda Kampala yanapita Masaka, na hakuwahi kukata tiketi. Pengine aliogopa, pengine hakujua angebisha hodi wapi, maana mlango wenyewe haukuwepo. Sitamtetea hapo. Mwenye nyumba, kama yu hai, hajui kwamba kuna familia ng'ambo ya mpaka iliyomtaja kila jioni, na kutajwa hakujamrudishia bati hata moja. Lakini kati ya anayedaiwa na kukumbuka, na anayedaiwa akapewa jina la shujaa ili asahau, mimi najua ni nani ningependa awe jirani yangu.

Wapenzi wa vitabu wataikumbuka sehemu ya tisa ya Maungamo ya Augustino, anapomwandikia mama yake, Monika. Mwanamke mcha Mungu yule, mwanawe hakuona haya kutuambia kwamba alipokuwa binti alizoea kuonja onja divai alipotumwa kuichota. Kisha, baada ya sifa zote, anaomba mama yake asamehewe dhambi zake, na anatuomba sisi wasomaji tumkumbuke altareni. Angalia alivyofanya: kama angemchora mama asiye na doa, ombi lile lingekuwa la nini? Anayesifiwa tu hana anachohitaji kutoka kwetu. Tunampigia makofi, tunaondoka.

Wasifu wa Baba Mkubwa ulisomwa bila Masaka. Kaka alishinda, na sikuona aibu yoyote katika hilo. Uchungu wa siku ile ulikuwa wake pia. Jioni, baada ya rozari ya msiba, Mama Mkubwa akatamka kama kawaida: "Na Baba Yetu moja kwa mwenye nyumba." Wageni wakaitikia, wakidhani anamsemea mumewe. Hakuwasahihisha.

Sidai kila dhambi ya marehemu isomwe kwenye kipaza sauti. Nyingine zingewaumiza walio hai bila faida, na nyingine si zetu kuzisema. Ninachodai ni kidogo. Pale marehemu mwenyewe alipoacha alama, sala, kawaida fulani, jina alilolirudia kila siku, tusiifute ili karatasi ing'ae. Kule Kaboya, Muleba, wamelala askari wetu wa vita ile, na kila Julai 25 nchi inawakumbuka mashujaa wake kwa heshima wanayostahili. Baba Mkubwa aliwaombea hao pia. Ila aliona kwamba orodha ya marehemu na waliopoteza haiishii kwenye mpaka wa Mutukula, na hiyo orodha ndefu zaidi ndiyo urithi aliotuachia. Shamba tumeshagawana. Hili lingine haligawanyiki. Kila mmoja analichukua lote au analiacha.