Sikio la Malko



Usiku ule Bwana wetu alipokamatwa bustanini, mtu mmoja alijeruhiwa. Injili zote nne zalitaja jambo hilo. Yohana atuambia kwamba mwenye upanga alikuwa Petro, na aliyekatwa sikio ni Malko, mtumwa wa Kuhani Mkuu. Lakini ni Luka peke yake, yule tabibu, aliyeandika kwamba Yesu aligusa sikio lile akaliponya.

Bwana alifanya mambo mawili. Aliponya jeraha, tena aliamuru upanga urudishwe alani. Hakufanya moja akaliacha la pili. Wala tusisahau kuwa upanga ule uliomwaga damu ulitoka kwa mwanafunzi wake mwenyewe.

Twaikumbuka habari hiyo kwa sababu twataka kunena juu ya watoto wanaojeruhiwa kwa bunduki, na juu ya madaktari wanaowapasua.

Kwanza tujue kazi hiyo ilivyo. Mtoto mwenye uzito wa kilo 10 ana damu kama mililita 800 tu mwilini mwake. Haijazi chupa ya lita moja. Damu ambayo mtu mzima aweza kuipoteza akapona, kwa mtoto yaweza kuwa mauti. Tena risasi haitoboi tu. Hupasua nyama kando ya njia yake, huvunja mfupa, na huingiza ndani nyuzi za nguo na uchafu. Kwa hiyo mpasuaji huzuia damu kwanza, kisha hukata nyama yote iliyokufa, huosha, na mara nyingi huliacha jeraha bila kulishona, chini ya bandeji safi. Baada ya siku 4 au 5, akiliona ni safi, ndipo hulifunga. Mzazi asidhani kwamba mtoto wake amesahauliwa. Kulishona mapema ni kufungia uchafu ndani.

Na mtoto anakua. Akikatwa mguu, mfupa uliobaki huweza kuendelea kurefuka hata ukachoma ngozi, naye akahitaji kupasuliwa tena. Mguu wa bandia nao hauna budi kubadilishwa kila anapokua, pengine kila miezi 6. Kufyatua ni kazi ya mara moja. Kutibu ni kazi ya miaka.

Wapo waliojitoa kwa kazi hiyo hata kufa. Jirani zetu wa Uganda wanamkumbuka Daktari Lucille Teasdale, mama aliyetoka Kanada. Alikuwa mpasuaji, na moyo wake ulikuwa kwa watoto. Mwaka 1961 alifika katika hospitali ya ndugu zetu Wakatoliki ya Lacor, karibu na Gulu, pamoja na Daktari Piero Corti, aliyekuja kuwa mumewe. Alikuja kwa muda mfupi, akakaa maisha yake yote. Vita vya mwaka 1979 vilipofika, aliwapasua majeruhi wa risasi mchana na usiku. Vipande vikali vya mifupa vilimchoma vidole katika kazi hiyo, na kwa njia hiyo akaambukizwa virusi vya Ukimwi. Alijulishwa mwaka 1985, wala hakuwaacha wagonjwa wake. Alifariki mwaka 1996, akazikwa palepale Lacor. Na katika vita vya kaskazini vilivyofuata, maelfu ya watoto walitembea kila jioni kwenda kulala katika uwanja wa hospitali ile, wakiogopa kutekwa.

Mama yule alitibu majeraha mengi, lakini hakuweza kuzizuia bunduki. Hiyo haikuwa kazi ya kisu chake. Mpasuaji huligusa sikio la Malko. Kurudisha upanga alani ni kazi ya yule aliyeushika.

Hapo ndipo neno hili linapotufikia sisi wa Kibaoni. Twaweza kusema kwamba mambo hayo ni ya Gulu, au ya Goma, ambako mwezi wa Januari 2025 hospitali zilijaa majeruhi, watoto wakiwamo. Kwetu hakuna vita. Ni kweli, na twamshukuru Mungu. Lakini twaishi kando ya Hifadhi ya Katavi, na magobore twayajua. Gobore hushindiliwa baruti, goroli na vipande vya nondo, likafichwa darini au chini ya kitanda. Mwenye nyumba ajua kwamba limeshindiliwa. Mtoto anayelikuta akicheza hajui.

Basi tufanye mambo matatu.

La kwanza, mwenye silaha isiyo halali aitoe. Serikali imepata kutangaza vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha kwa hiari. Anayeogopa kwenda polisi peke yake na aonane na mchungaji, wafuatane. Mwenye kibali naye aitunze bila risasi ndani, mahali palipofungwa kwa kufuli.

La pili, mtoto akijeruhiwa, tumkandamize jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi, tumfunike asipate baridi, tukimbie naye hospitali. Tusichokonoe kutafuta risasi, wala tusitie majivu au mizizi. Na tumwambie daktari kweli. Hofu ya kesi isimcheleweshe mtoto nyumbani, maana damu yake haingojei wazee wamalize shauri.

La tatu, tutoe damu. Mpasuaji aweza kuwa na mikono hodari, lakini asipokuwa na damu ya kumwongezea mtoto, hawezi kitu. Yule Msamaria mwema alitoa mafuta, divai na fedha zake. Sisi twaweza kutoa hiki tulichopewa bure na Muumba.

Jumapili tunapowaombea wagonjwa, tuwataje na wapasuaji, ili Mungu aithibitishe mikono yao. Kisha tukirudi nyumbani, tutazame dari zetu na chini ya vitanda vyetu. Petro alipoambiwa arudishe upanga, hakubishana na Bwana. Nasi tusibishane.

Ee Bwana, uliyemgusa Malko, uwaguse watoto wetu, na uituliza mikono yetu. Amina.