Besi ni ya Nani?

Sabwufa mpya ikiingia kwenye ploti Umoja, haihitaji kutangazwa. Vikombe vya jirani vitakuambia. Dirisha litaanza kulia kivyake, na mtoto wa ghorofa ya juu ataweka mkono sakafuni ausikie wimbo kabla ya masikio yake kuusikia.

Kwa lugha ya mtaa, "wufa" ni mtambo mzima, lile boksi na vispika vyake. Lakini kuna wale wamepanda ngazi. Wana spika mbili ndefu za kusimama, amplifaya ya kutoka Luthuli, na sasa wanaongeza sabwufa ya kubeba zile sauti za chini kabisa ambazo spika ndefu hazifiki. Kuinunua ni rahisi kuliko kuiunganisha. Unapanga krosova, yaani pale spika zinapoachia na sabwufa inapopokea; wengi huanzia Hz 80. Unageuza kitufe cha fezi ili zote zisukume hewa kwa pamoja, kwa sababu moja ikisukuma na nyingine ikivuta zitafutana. Mwisho unashusha sauti ya sabwufa mpaka usiisikie tena kama kitu cha pembeni. Ukiona spika ndefu ni kama zimekua, umefaulu. Sabwufa iliyopangwa vizuri inapotea.

Swali langu ni hili: inapotea kwa nani?

Wimbi la Hz 40 lina urefu wa zaidi ya mita 8, na bedsita haina upande wa mita 8. Kwa hivyo besi hugonga kuta na kujirudia juu ya yenyewe. Kwenye chumba cha mita 3 ukuta hadi ukuta, sauti ya Hz 57 hivi hufifia katikati na kujaa kwenye kuta. Jamaa ameketi katikati, anahisi besi ni nyembamba, anaongeza. Nyuma ya ukuta kuna kitanda, na juu ya kitanda kuna mtu aliyetoka zamu ya usiku. Akibishiwa hodi, jamaa atasema, "Lakini neighbour, si hata sijaweka juu!" Na hasemi uongo. Pale alipoketi, kweli haiko juu.

Hapo ndipo jambo linakuwa la maadili. Tumezoea kudhani anayesumbua wengine anajua na hajali. Besi inatuonyesha mtu mwingine kabisa: mkweli, mwenye roho safi, anayepima kila kitu kutoka kiti chake.

John Stuart Mill alitoa kitabu chake On Liberty mwaka 1859, na wazo lake kuu bado tunalirudia hata bila kumtaja: fanya utakalo mradi usimdhuru mwingine. Sawa, lakini wazo hilo ni rahisi kuishi nalo ukiwa na mpaka. Karen, mpaka unanunuliwa; nyasi na miti inakufanya uonekane mstaarabu hata ukicheza muziki usiku kucha. Umoja ya kwanza ilijengwa miaka ya 1970 ikiwa nyumba za chini. Leo Innercore ni ghorofa juu ya ghorofa, na sakafu yako ni dari ya mtu. Wahenga walisema ukuta una masikio. Siku hizi una pia mdomo.

Kuna mwenye atasema: mtaa wote ni kelele. Mathree zinapiga ngoma kuanzia alfajiri, kuna keshas, kuna klabu. Mbona unikujie mimi? Hoja hii ina uzito. Mtu aliyesimama kazini wiki nzima ana haki ya kusikia wimbo wake ukiwa mzima, na sitaki ule ustaarabu unaowaambia Eastlands wanyamaze ndio waonekane watu. Lakini mathree inapita. Besi ya jirani haina steji ya kushukia.

Sheria ipo. Kanuni za kelele na mtetemo za mwaka 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 35 usiku kwa makazi. Lakini kipimo chake kinafuata sikio, nalo ni dhaifu kwa sauti za chini: besi ya Hz 50 huhesabiwa pungufu kwa takriban desibeli 30. Mashine inaweza kusema uko sawa huku kifua cha jirani kikigongwa. Hata kipimo kina kiti chake.

Wapenzi wa sauti wana mbinu moja ninayoiheshimu. Unaweka sabwufa pale unapokaa wewe, unacheza wimbo wenye besi, kisha unatambaa chumbani ukitega sikio. Pale besi inaposikika safi zaidi, ndipo unaiweka. Yaani, ili ujue sauti yako, lazima utoke kwenye kiti chako.

Mimi ningeongeza hatua moja tu. Ukimaliza kutambaa, acha wimbo ukicheza, toka nje, bisha hodi kwa jirani. "Samahani mama, naomba nisikilize nikiwa kwako dakika moja." Simama kando ya kitanda chake. Kisha muulize anaamka saa ngapi, na urudi kwa kitufe ukiwa na jibu lake.